Viungio vya Mipira ya Maji katika Tiba ya Figo: Kitu Kidogo Chenye Dhamana Kubwa

Mtu mwenye figo zenye afya, anayekunywa lita 2 za maji kwa siku, huingiza mwilini takribani lita 730 kwa mwaka. Maji hayo hupita tumboni, ambako mwili una kinga zake, na kisha figo zenyewe huondoa kisichohitajika. Hali ya mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine ni tofauti kabisa. Kwa kawaida mashine hupitisha mililita 500 za maji ya tiba kila dakika. Kwa kipindi cha saa 4 hizo ni lita 120. Kwa vipindi 3 vya wiki ni lita 360. Na kwa mwaka mzima ni zaidi ya lita 18,000. Maji hayo hayapiti tumboni. Hukutana na damu ndani ya chujio, yakitenganishwa nayo na utando mwembamba kama unywele, na mgonjwa huyo hana figo za kuondoa kitakachopenya.

Ndiyo maana kila kitengo cha kusafisha damu hugharamia mtambo wa kutibu maji: chujio za mchanga, matangi ya kaboni ya kuondoa klorini, kilainisha maji, na hatimaye mashine ya osmosisi kinyume inayobakiza maji karibu matupu. Mtambo huo hupewa chumba chake, fundi wake na daftari lake. Hata hivyo, kutoka kwenye bomba la ukutani hadi kwenye mashine ya mgonjwa, maji hayo ya gharama kubwa hupita katika mpira wa mita moja au mbili na viungio viwili vidogo. Sehemu hiyo mara nyingi haina mwenyewe. Muuguzi huiona kuwa kazi ya fundi wa mashine, fundi wa mashine huiona kuwa kazi ya fundi bomba, na fundi bomba huichukulia kama mpira mwingine wowote wa maji.

Makala haya yanaeleza kwa nini uchaguzi na utunzaji wa kiungio hicho ni sehemu ya tiba, na nini kinapaswa kufanywa na wahudumu pamoja na wagonjwa wenyewe.

Maji matupu ni maji yenye njaa

Watu wengi hudhani kwamba maji yakishasafishwa hayawezi tena kuleta madhara kwenye mabomba. Ukweli ni kinyume chake. Maji yaliyoondolewa chumvi na madini huwa na uwezo mkubwa wa kuyeyusha kile yanachogusa. Yakipita katika chuma hubeba chuma, na yakipita katika shaba hubeba shaba.

Jambo hili linaeleweka vizuri zaidi kwa kulinganisha na kazi nyingine inayotumia maji ya aina hiyohiyo. Nchini Uingereza, hasa baada ya kanuni za kazi za mahali pa juu za mwaka 2005, wasafishaji wengi wa madirisha waliacha ngazi na kutumia fimbo ndefu zenye brashi nchani, ambazo hupitisha maji kutoka ardhini hadi kwenye kioo. Maji yao nayo hupitishwa kwenye osmosisi kinyume, na mara nyingi kwenye resini, ili kioo kikauke chenyewe bila kubaki na madoa ya chumvi. Mpira wao una viungio vya kuchomeka na kuchomoa kwa haraka, vingi vya plastiki au vya shaba njano, na kwa macho havitofautiani sana na vile vya wodi ya figo.

Tofauti iko mwisho wa mpira. Kiungio cha shaba njano kinaweza kumtumikia msafishaji wa madirisha miaka mingi, kwa kuwa chembe kidogo za shaba hazidhuru kioo. Kiungio hichohicho kikifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu huwa chanzo cha sumu. Shaba njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na kwa miaka mingi viwanda vimekuwa vikiongeza risasi kidogo ili ichongeke kwa urahisi. Metali zote tatu zinaweza kuhamia kwenye maji.

Tiba ya figo ililijua hili kwa gharama ya wagonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari waliripoti wagonjwa waliovunjikiwa ghafla na seli nyekundu za damu kwa sababu maji ya mashine yalipitia sehemu za shaba. Mwaka 1977 iliripotiwa kwamba zinki kutoka kwenye vyombo vya chuma vilivyopakwa metali hiyo iliwasababishia wagonjwa wa mashine upungufu wa damu.

Kwa sababu hiyo viwango vya kimataifa vya ISO vya maji ya kusafishia damu huruhusu shaba isiyozidi miligramu 0.1 kwa lita. Shirika la Afya Duniani huruhusu hadi miligramu 2 kwa lita katika maji ya kunywa. Hivyo maji yaliyo salama kwa kunywa yanaweza kuwa na shaba mara 20 ya kiasi kinachokubalika kwa mgonjwa wa mashine. Kiwango cha zinki pia ni miligramu 0.1, na cha risasi ni miligramu 0.005. Yeyote anayesema kwamba kiungio fulani kinafaa kwa kuwa kinatumika kwenye maji ya kunywa nyumbani, hajajibu swali linaloulizwa wodini.

Namna ya kuchagua kiungio

Jambo la kwanza ni malighafi. Sehemu zote zinazoguswa na maji yaliyokwisha kutibiwa ziwe za plastiki iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, au za chuma kisichoshika kutu cha daraja la tiba. Shaba nyekundu, shaba njano, alumini na chuma kilichopakwa zinki visitumike kabisa, hata kama ni kipande kifupi. Kiungio kilichong'arishwa kwa nikeli kisimdanganye mnunuzi. Mara nyingi chini ya mng'aro huo kuna shaba njano, na mng'aro ukichubuka maji huifikia.

Jambo la pili ni dawa na joto vitakavyotumika kusafishia. Mipira na viungio vitakavyopitishiwa maji ya nyuzi 80 za Selsiasi havipaswi kuwa vya plastiki ya PVC ya kawaida, ambayo hulegea kwa joto hilo. Pete ndogo ya mpira iliyomo ndani ya kiungio, ambayo mafundi huiita oringi, nayo ina aina zake. Oringi za EPDM au silikoni huvumilia vyema dawa ya asidi ya perasetiki, ilhali zile za kawaida za naitraili huharibiwa na dawa hiyo na pia na ozoni. Oringi iliyooza haivujishi tu maji; humeguka, na vipande vyake huingia katika mfumo.

Jambo la tatu ni umbo la ndani. Kiungio kizuri ni laini ndani na upana wake unalingana na wa mpira. Nyuzi za kufungia, vipenyo vinavyobadilika ghafla na pembe zisizopitiwa na mkondo wa maji huwa maficho ya bakteria. Utepe mweupe wa mafundi bomba, unaozungushwa kwenye nyuzi, ukizidi huchanika na kuingia ndani ya njia ya maji. Kwa hiyo kiungio kinachofunga kwa oringi ni bora kuliko kinachotegemea utepe.

Jambo la nne ni shinikizo. Kiungio kiwe kimepimwa kuhimili shinikizo kubwa kuliko lile la mfumo wa kitengo, kwa kuwa pampu zinapowaka ghafla, kwa mfano baada ya umeme kukatika na kurudi, shinikizo hupanda kwa kishindo. Viungio vyenye valvu inayojifunga pale mpira unapochomolewa hupunguza maji kumwagika, lakini valvu hiyo ina springi na sehemu ndogo ndani. Ihakikishwe kwamba nazo hazina shaba.

Jambo la tano ni kuzuia makosa ya kuunganisha. Katika mashine za kusafisha damu, kiunganishi cha mchanganyiko wa asidi hutambulishwa kwa rangi nyekundu na cha bikaboneti kwa rangi ya buluu. Utaratibu wa aina hiyo ufuatwe pia kwenye mipira ya maji: mpira wa maji safi na mpira wa maji machafu visiwe na viungio vinavyoweza kuingiliana. Alama ya kalamu peke yake haitoshi. Umbo linalokataa kuingia mahali pasipo pake ndilo kinga ya kweli, hasa mwishoni mwa zamu ndefu.

Mpira wenyewe usiwe mrefu kuliko inavyohitajika, na usipitishe mwanga, kwa sababu mwanga huotesha ukungu wa kijani. Mipira ya bustanini isitumike hata kwa dharura; haikutengenezwa kwa maji ya kunywa, seuze kwa maji yanayokutana na damu.

Adui asiyeonekana: ukoga wa bakteria

Kaboni inapoondoa klorini kwenye maji humkinga mgonjwa, lakini pia huyaacha maji bila kinga dhidi ya bakteria. Kuanzia hapo bakteria wachache waliosalia hutafuta mahali pa kujishikiza. Wakishapata, hutengeneza utando wenye utelezi unaofanana na ukoga wa meno. Ndani ya ukoga huo dawa huwafikia kwa shida, na kila mara vipande vyake hubanduka na kusafiri na maji.

Mpira wa mita 2 wenye upana wa ndani wa milimita 8 hubeba takribani mililita 100 za maji. Mashine ikifanya kazi, maji hayo hubadilishwa kila baada ya sekunde 12. Mashine ikizimwa jioni, mililita hizo hulala humo hadi asubuhi, katika joto la chumba, bila klorini. Katika maeneo yenye joto kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, usiku mmoja ni muda wa kutosha kwa bakteria kuongezeka.

Jambo ambalo wahudumu wengi hawalitambui ni kwamba katika mashine nyingi usafishaji wa dawa au joto unaofanywa kila siku huanzia ndani ya mashine. Mpira unaoleta maji kutoka ukutani huwa nje ya mzunguko huo. Mashine huandika kwamba usafishaji umekamilika, na ni kweli kwa upande wake. Lakini mpira na viungio vyake viwili havijaguswa. Kila kitengo kinapaswa kusoma maelekezo ya mashine zake na kujua kama sehemu hiyo imo au haimo.

Viwango vya kimataifa vinataka maji ya kusafishia damu yawe na bakteria pungufu ya makundi 100 kwa mililita, na hatua zianze kuchukuliwa yanapofika 50. Sumu za bakteria, yaani endotoksini, ziwe chini ya uniti 0.25 kwa mililita. Sumu hizi hubaki hata baada ya bakteria kufa, na ndizo huleta baridi na homa kwa mgonjwa. Hivyo kuua bakteria kwa dawa baada ya ukoga kujengeka hakutoshi. Lengo ni kuzuia ukoga usijengeke.

Utunzaji wa kila siku na wa kila mwezi

Kila siku, kabla ya mgonjwa wa kwanza, muuguzi au fundi aangalie viungio kwa macho na kuvigusa kwa glovu safi. Unyevu, tone linaloning'inia au ukoko mweupe wa chumvi ni dalili ya kuvuja. Pahali panapotoa maji nje panaweza pia kuingiza uchafu ndani pale shinikizo linaposhuka.

Mpira unapochomolewa, shinikizo lifunguliwe kwanza, na ncha zote mbili zifunikwe kwa vifuniko safi papo hapo. Ncha isiwekwe sakafuni, isining'inizwe ndani ya ndoo, wala isiegemezwe kwenye tundu la maji machafu. Kati ya mpira wa maji machafu na bomba la kuyapokea kuwe na nafasi ya hewa, ili maji hayo yasiweze kurudi. Hatari hii si ya kufikirika. Katikati ya muongo wa 2010 nchini Marekani, wachunguzi walihusisha maambukizi ya damu kwa wagonjwa wa mashine na visanduku vya ukutani ambamo maji machafu yalituama karibu na viungio vilivyoshikwa na wahudumu.

Kwa ratiba iliyoandikwa, mipira na viungio visafishwe kwa dawa au joto pamoja na mfumo mzima wa mabomba, siyo kando yake. Baada ya dawa, maji yapitishwe ya kutosha na mabaki ya dawa yapimwe kwa kijikaratasi cha kipimo kwenye kila mashine. Mgonjwa asiunganishwe kabla ya jibu kusomwa na kuandikwa.

Oringi zitolewe na kuchunguzwa kwa ratiba hiyohiyo. Iliyobonyea, iliyopasuka au iliyokakamaa itupwe. Isipakwe mafuta ya mgando wala grisi ya gari. Mafuta yatokanayo na petroli huvimbisha na kuharibu oringi za EPDM. Pale mtengenezaji anaporuhusu kilainishi, kitumike cha silikoni kilichoidhinishwa, kwa kiasi kidogo sana.

Angalau mara moja kwa mwezi sampuli za maji zichukuliwe kwa ajili ya kuotesha bakteria na kupima endotoksini. Sampuli za mwanzo wa mzunguko pekee hazitoshi. Baadhi zichukuliwe pale maji yanapoingia kwenye mashine, yaani baada ya kiungio cha mwisho, kwani hayo ndiyo maji yanayomfikia mgonjwa. Mdomo wa bomba la sampuli ukifutwa kwa alkoholi, uachwe ukauke, maana tone la dawa ndani ya chupa huua bakteria na kutoa jibu la uongo lenye kufurahisha.

Kiungio kinapokatika alfajiri

Chukua mfano wa kitengo chenye mashine 10. Saa 11 alfajiri kiungio cha mashine moja kinapasuka. Wagonjwa wa zamu ya kwanza wamekwishafika, wengine wakitoka mbali, na mmoja wao ana pumzi za shida kwa maji yaliyojaa mwilini. Stoo haina kiungio cha akiba. Maduka ya vifaa vya ujenzi yatafunguliwa baada ya saa moja, nayo yana viungio vya shaba njano vinavyoingia barabara kwenye mpira huo.

Kishawishi hapo ni kikubwa na nia ni njema. Lakini uamuzi sahihi ni kuiweka mashine hiyo kando, kupanga upya zamu kwa mashine 9 zilizobaki, na kumtanguliza mgonjwa mwenye hali mbaya zaidi. Kuchelewa kwa saa chache kunaweza kusimamiwa na daktari. Shaba inayoingia katika damu ya kila mgonjwa atakayetumia mashine hiyo kwa wiki kadhaa haionekani wala haisimamiki, na kiungio cha muda kina tabia ya kudumu.

Dawa ya tatizo hili hutafutwa kabla ya alfajiri hiyo. Kila kitengo kiwe na sanduku la akiba lenye viungio, oringi na mipira ya aina iliyoidhinishwa, likiwa limefungwa na kuandikwa yaliyomo. Kila kinachobadilishwa kiingizwe daftarini: tarehe, mashine, kifaa na aliyekifunga. Viwango vinaweka dhamana ya mwisho ya ubora wa maji kwa daktari anayesimamia kitengo. Kwa hiyo ombi la kununua viungio sahihi lisipite kama ombi la misumari. Liwe na saini yake.

Dalili ambazo hazipaswi kupuuzwa

Mgonjwa aliyeingia bila homa akianza kutetemeka na kupata homa baada ya kuunganishwa, maji yachunguzwe pamoja na mrija wake wa damu. Wagonjwa wawili au zaidi wakipata hali hiyo katika zamu moja, maji yawe mshukiwa wa kwanza hadi yathibitishwe kuwa salama.

Maumivu ya tumbo, mgongo au kifua, kichefuchefu, kushuka kwa shinikizo la damu, na damu ya kwenye mipira kugeuka rangi kama ya divai nyekundu, vinaashiria kuvunjika kwa seli za damu. Hapo pampu isimamishwe, mipira ya damu ibanwe, na damu hiyo isirudishwe kwa mgonjwa. Daktari aitwe mara moja, na sampuli za damu na za maji zichukuliwe. Mpira na viungio vya mashine hiyo visitupwe wala kusafishwa. Vihifadhiwe kwa uchunguzi.

Nafasi ya mgonjwa na familia yake

Mgonjwa anayekaa karibu na mashine saa 12 kila wiki huona mambo ambayo mkaguzi wa mara moja kwa mwaka hayaoni. Akiona maji sakafuni chini ya kiungio, mpira uliokanyagwa na gurudumu la kiti, au ncha ya mpira iliyoachwa wazi, amwambie muuguzi. Akihisi baridi isiyo ya kawaida, aseme mara moja bila kusubiri zamu iishe. Asiguse wala kukaza kiungio mwenyewe.

Ana haki pia ya kuuliza maji ya kitengo yalipimwa lini kwa mara ya mwisho na majibu yalikuwaje. Muuguzi anayeulizwa hivyo asione kwamba anashutumiwa. Anapaswa kufungua daftari na kumwonyesha, na kama ukurasa wa mwezi huo ni mtupu, atakuwa amepata sababu ya kumwita fundi siku hiyohiyo.